Jina la Askari Aliyeshuka Bukini

Amefariki yule mama wa Edmonton aliyekuwa akivaa medali upande wa kulia wa koti. Habari ilinifikia Jumanne asubuhi kwenye kundi la simu la Wakenya wa London, na kabla sijamaliza kuisoma, mtu mwingine alikuwa ameshatangaza chini yake kwamba unga wa mahindi umefika Wembley. Watu kumi na wawili waliandika pole. Waliouliza unga walikuwa wengi zaidi, na mimi nilikuwamo miongoni mwao. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka marehemu ingawa hawakuwahi kulijua jina lake, maana safu hii haimtaji mtu kwa jina. Ni sheria niliyojiwekea mwenyewe zamani, na nimeiringia miaka yote kana kwamba ni uungwana.

Medali zilikuwa za baba yake, ndiyo maana alizivaa kulia. Kushoto huvaa mwenyewe aliyepigana. Baba huyo alikuwa askari wa keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Ulaya ilipokuwa ikiwaka moto wa vita vya pili vya dunia, Waingereza waliamua kuwanyang'anya Wafaransa kisiwa cha Bukini, ambacho ramani za leo zinakiita Madagaska, wakahitaji watu wa kushuka kutoka melini. Akatolewa bara, mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto wa kwao wakati wa masika, akapakiwa Kilindini. Boti ilipofungua mlango karibu na ufuo, sajini aliwaamuru wabebe masanduku ya risasi mgongoni. Yeye akalitia la kwake kichwani, kama mama yake alivyobeba kuni, akaingia kwenye maji ya kifua. Wenzake walimcheka, lakini sanduku lake ndilo lililofika kavu. Alirudi nyumbani na homa iliyomla polepole, akafa binti yake akiwa bado hajang'oa jino la kwanza. Kwa desturi ya kwao mjane alirithiwa na mdogo wa marehemu, na mtoto akaandikishwa shule kwa jina la huyo baba mdogo. Jina hilo likaingia kwenye cheti, kwenye pasipoti, na kwenye kitambulisho alichovaa kifuani miaka karibu arubaini ya unesi hapa London. Angezaa mtoto wa kiume angempa jina la babu. Alijaliwa binti mmoja, akampa jina la mama mkwe. Kwa hiyo jina la yule askari lilibaki mahali pamoja tu duniani, kinywani mwake, naye alitaka jambo moja kabla hajafa: lisomwe au liandikwe mahali penye watu.

Kila Juni, ukumbi mmoja karibu na kwake huwa na hafla ya kuyakumbuka yale majeshi makubwa yaliyovuka bahari na kushuka Ufaransa. Husomwa majina ya watu wa mtaa walioshuka siku ile. Mwaka mmoja alivaa suti yake ya kanisani, akabandika medali, akamwendea bwana mwenye orodha.

"Samahani, mama," akaambiwa, "hii ni ya waliotua Ufaransa tu."

"Na waliotua Bukini? Nao walishukia majini."

"Ile ilikuwa operesheni nyingine."

"Kwani maji ya kule hayakulowesha?"

Yule bwana alitabasamu tabasamu lile la Kiingereza ambalo ni sawa na kufungiwa dirisha, akamgeukia mtu mwingine. Papo hapo msichana wa mapokezi akaja mbio akisukuma kiti cha magurudumu chenye mkongwe mmoja wa vita. "Kumbe uko hapa!" akamwambia mama wa watu. "Tunakungoja wewe. Mpeleke mstari wa mbele." Akamwachia mikono ya kiti, akatoweka. Hapo angeweza kukataa. Lakini muuguzi hamwachi mtu njiani kwenye kiti kisichofungwa breki. Mikono yake haikujua kazi hiyo inaachwaje. Alimsukuma mpaka mbele, akafunga breki, akamweka sawa blanketi, akaenda kusimama nyuma pamoja na watunza wazee wengine, karibu wote ni watu wetu. Mkongwe aligeuka, akaziona medali. "Nzuri hizo," akasema kwa upole kabisa. "Ni mzee gani uliyemtunza akakuachia?"

Aliponisimulia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nilicheka, ila mimi nilicheka nikiwa nimeshaiona makala. Wiki ile niliiandika kwa kichwa cha "Jenerali wa Viti vya Magurudumu". Wasomaji mlifurahi mno. Kwenye sherehe moja Wembley, bwana mmoja mwenye gazeti mkononi alimwita kwa cheo hicho mbele ya meza nzima, kisha akaongeza, "Sasa Mama, honestly, mzee wako alipigania mkoloni. Unaringia nini?"

"Kwani aliulizwa?" akajibu.

Meza ilicheka, nami nikiwa mezani. Hebu tutazameni, sisi tunaowaogesha wakongwe wa vita hivyo hivyo kwa shift, tunaopiga picha nao wakiwa na maua mekundu ya kukumbuka vita kifuani na kuwatumia ndugu zetu nyumbani, tukamwona yeye ndiye kibaraka. Waingereza walimsahau askari wao kwa sababu orodha ilikuwa ya ufuo mwingine. Sisi tulimsahau kwa sababu alitutia haya. Sioni aliye afadhali. Asante ya punda ni mateke, na yule mtu alipigwa mateke pande zote mbili.

Nilipomtembelea baada ya makala ile nilijua nitasutwa, na nilistahili. Nikakuta ameikata gazetini na kuiweka chini ya kioo cha meza.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini jina la baba hukuliweka."

"Safu yangu haitaji majina, mama."

"Hata ya wafu?"

"Hata ya wafu."

"Haya. Kunywa chai."

Kisha akalitaja lile jina la askari, taratibu, pamoja na la baba aliyemzaa, kama mtu anayemwandikisha mgonjwa dirishani. Alifanya hivyo kila nilipokwenda, na nilikwenda mara nyingi, maana keki yake ilikuwa tamu na treni ya Edmonton hainisumbui. Nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, mama, umeshaniambia." Keki ile naikumbuka mpaka leo: ya ndizi, yenye iliki nyingi kupita kiasi.

Tulimzika Ijumaa, kwenye mvua nyembamba. Baada ya ibada binti yake, aliyezaliwa hapa, alinipa bahasha yenye nyota moja ya shaba, mojawapo ya zile medali. Mama aliagiza nipewe mimi. Nilielewa maana yake na niliona haya, nikaamua hapo hapo kwamba safu hii ingeivunja sheria yake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nikamwomba aniandikie jina la babu yake.

"Uncle, I don't know," akasema. Alikuwa akilia. "Alikuwa anamwita Baba tu. I thought you had it. She said Uncle wa gazeti has it."

Nilipiga simu nyumbani nikawapata wana wa yule baba mdogo. "Mzee wetu tunamjua," wakasema. "Huyo mwingine ni wa zamani sana. Hata kaburi lake tulishalilima." Nimeigeuza ile nyota, Waingereza hawakuandika kitu nyuma. Nimekaa siku tatu nikijaribu herufi moja moja. Kuna wakati nadhani lilianza na O, kisha najua kwamba najidanganya, kwa sababu lingeweza kuanza na yoyote. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu amenifikia.

Kwa hiyo leo tena hakuna jina hapa, na sitaki mtu asome kwamba ni uungwana. Kama mnaye mzee anayerudia jina moja kila anapowamiminia chai, msimwambie mmeshalisikia. Hawaambii ninyi, anatafuta mahali pa kuliacha. Mwacheni amalize, mwulizeni linaandikwaje, mliandike hapo hapo mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni kila mara.