Hati ya Shangazi

Kwa nini shangazi alinipa mimi hati ya uwakilishi, na si mwanawe? Alikuwa amepata kiharusi akiwa Dar es Salaam, na fedha za kumtibu zilikuwa kwenye akaunti yake Guangzhou, China, alikokuwa akinunua viatu vya kuuza na mimi nilikokuwa nikiishi.

"Dada, wewe na usomi wako!" binamu yangu, mwanawe huyo, alinicheka kwenye simu kutoka Dar. "Kadi unayo, namba ya siri unayo. Si utoe tu kama Waafrika wenzako wote wa mtaa huo wa Sanyuanli?"

"Akipona akiuliza nani alitoa, mashine itamjibu?"

Karani wa benki aliisukuma hati kunirudishia. "Bu xing," alisema, yaani haiwezekani: haikuwa na tafsiri ya Kichina wala muhuri wa ubalozi wao. Nikairudisha Dar mkononi mwa mfanyabiashara mmoja. Iliporudi na muhuri, nilikaa mbele ya karani yule yule mpaka fedha zikatumwa hospitali.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba hati hiyo mwanzoni iliandikwa jina la binamu yangu, na shangazi alikataa kutia dole gumba mpaka waandike langu.