Kasanduku Yenye Iliita Watu Wote

Ile mwaka ndiyo tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta ya mawese. Walisema amani imerudi, lakini njia ya Mongbwalu ilikuwa inafunguka asubuhi, mangaribi inafungwa. Mutoto wangu alipita njia ile kwenda kuuza viatu kwa wachimba dhahabu. Hakurudi. Hata mwili hatukuona.

Tukakaa matanga bila maiti. Mujukuu wangu mwenye ananiita tate, binti ya huyo mutoto, alikuwa anatumika kazi kwa watu wenye kuuza intaneti ya hewani, ile inatoka kwa munara inashukia antena juu ya nyumba. Alikuwa anapanda munara na suruali yake, wanaume wanamushikia kamba chini. Nilikuwa naringa naye sokoni, sifichi.

Ndugu hawakuweza kufika, njia imefungwa. Basi mujukuu akatwaa video ya baba yake akiimba uani, akaiweka mu kasanduku ka mashini kenye alifunga na waya chumbani kwangu, ikawa inatumwa kwa kila antena, saa zote. Nilimuuliza kama atachagua watu.

"Matanga haina mwaliko, tate. Tunaita wote."

Nikaona mutoto amekomaa.

Mvua zikapita. Wateja wakaanza kulalamika: koneksio imekuwa nzito. Mujukuu akatafuta. Akakata antena za mutaa wa Shari, uzito ukabaki. Akakata za Ngezi, mutaa wetu, munara ikapumua. Akaingia Ngezi nyumba kwa nyumba, anachomoa waya, anarudisha, mpaka akafika kwangu muchana, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwizi umemupata?" nikamucheka.

"Nimemupata, tate. Analala kwako."

Akakaa chini, akanielezea. Ukiongea na mutu mumoja, munara inakimbia. Ukiita wote, inaongea polepole ili hata yule wa mbali kabisa asikie, na wengine wote wanangoja.

"Ndivyo kifo inatangazwa," nikamuambia. "Polepole. Wangoje."

Hakucheka. Akasema shefu wake wa kazi anataka munara ikuwe nyepesi leo. Lakini kuna njia: kasanduku iache kuita wote, video iende kwa mwenye anaiomba tu. Nikafurahi. Fanya, mama, nikamuambia, fanya. Akabonyeza-bonyeza simu yake, akaangalia orodha ya wenye wanaomba.

"Nani anaomba?" nikauliza.

Akapitisha kidole mpaka chini ya orodha. Nikamuuliza tena:

"Jirani yetu mwenye kufuga ng'ombe? Si alikula maharagi yetu matanga yote?"

"Hakuna mutu, tate. Ni muda sasa."

Mutoto wangu alikuwa anaimba ndani ya nyumba za watu, muchana na usiku, na hakuna mwenye alimufungulia.

"Nikiigeuza hivyo, ni sawa na kuizima. Basi tuizime," akasema. "Tuvunje matanga. Papa yangu amekufa."

Hiyo neno hakuna mutu alikuwa ameisema mu nyumba yangu. Na anajua desturi: matanga inavunjwa na mukubwa wa nyumba, ndiye anazima moto ya uani. Ndiyo maana hakuchomoa waya wa kasanduku mwenyewe, hata kama munara nzima inamungoja. Akaushika, akaniletea mpaka kwenye vidole.

"Kwa mukono wangu, hapana."

Machozi yakamutoka, yakachora njia mu vumbi ya uso.

"Watanifukuza kazi, tate. Na mimi? Mimi si mutoto wake?"

Alikuwa na haki. Sura yake ni ile ya baba yake, hata namna ya kulia. Pale kwenye kasanduku, taa kadogo kalikuwa kanawaka, kanazima, kanawaka.

"Kwa mukono wangu, hapana."