Kidole kilikuwa changu, si cha mama

Naomba jina langu mlifiche, maana mama yangu mwenyewe hayajui haya ninayotaka kuwaambia. Kosa ni langu peke yangu, simsingizii shetani.

Mama anaumwa kisukari. Tunaishi wawili tu, Chamazi, na kazi ya kumpima ilikuwa yangu. Kuna dada tulikutana kliniki akaniunga kwenye kundi la WhatsApp la wagonjwa na wanaowauguza. Utaratibu wa pale, kila asubuhi unapiga picha kioo cha mashine ya kupimia sukari, unatuma. Namba ikiwa nzuri unamwagiwa maua na makofi. Ikiwa juu, unaulizwa mgonjwa kala nini.

Mwanzoni mama alikwenda vizuri. Nilisifiwa jamani! Wakaniita nesi wa kundi, wakawa wananiuliza mama anapikiwa nini, nami najibu kwa madaha.

Halafu tukaenda harusi ya binamu yangu, mama akala pilau na soda juu, nami sikumkataza. Asubuhi mashine ikasoma kumi na saba. Niliona aibu kuituma. Nikajitoboa kidole changu, nikapima, nikapiga picha. Mie siumwi, ikatoka tano na ushee. Maua yakamwagika kama kawaida.

Ningeishia siku hiyo, pengine nisingekuwa naandika. Lakini sukari ya mama haikushuka, na nesi wa kundi hakutaka kuvuliwa cheo. Ikawa namtoboa yeye, naangalia, nanyamaza, kisha naenda jikoni najitoboa mwenyewe. Hata kwenye simu, kwenye ile programu inayochora mstari wa sukari, nilikuwa naingiza namba zangu.

Mama akaanza kulalamika miguu.

"Mwanangu, nyayo zinaniwaka moto. Twende kliniki wakaniangalie."

"Mama, sukari yako mbona iko vizuri? Hizo ni ndala tu zinakubana."

Nilijua kliniki watampima na uongo wangu utaumbuka. Yaani nilikuwa nawaogopa watu wa kwenye simu, ambao wengi wao hata sura sizijui! Mama akaniamini, akanunua ndala nyingine.

Kidonda kikatokea chini ya kidole gumba cha mguu. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikawa najiambia kitakauka. Kilipoanza kunuka ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari akauliza kama tuna kumbukumbu za vipimo. Mama ndiye aliyejibu, tena kwa kujivuna. "Mpe simu, mwanangu. Huyu ananipima kila siku, daktari, hana mchezo."

Daktari akautazama ule mstari, akautazama mguu, akarudi kwenye simu. "Mama, hizi ni namba za mtu asiyeumwa kabisa."

Nikainamisha kichwa. Mama akadakia, "Basi hiyo mashine itakuwa mbovu."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema. Nikaitikia, ndiyo, mbovu.

Mguu wakaukata chini ya goti. Kwenye kundi niliandika kwamba mashine ilitudanganya. Wakanipa pole nyingi, wengine wakauliza ni ya aina gani ili wazitupe za kwao. Nikajitoa kundini bila kuwajibu.

Nyie mnaouguza wazazi, tumeni namba jinsi ilivyo, hata kama inatia aibu. Na kama kundi linawafanya muogope kuituma, ondokeni, mkae na mgonjwa wenu. Mie nimeshachelewa. Nimejaribu kumwambia mama, mdomo unakataa, na sidhani kama utakuja kukubali. Angenitukana ningepumzika, ila yeye ananiombea dua.

Nilinunua mashine nyingine. Kila asubuhi anasogea ukingoni mwa kitanda, ananinyooshea kidole mwenyewe kabla sijaomba.

"Pima, mwanangu," ananiambia. "Afadhali hii mpya, haina uongo."