Mzee Aliyefuata Jina Lake

Mtu akitunga uongo hujipa nafasi nzuri ndani yake. Mimi katika haya nitakayokusimulia ndiye niliyekosa, na bado nayasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi niamini. Yalinipata hapa Makambako, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa wala sijaonja pombe ya ulanzi.

Nachonga mihuri. Nina kibanda mtaa wa Lyamkena, kompyuta moja na mashine ya leza yenye ukubwa wa sanduku la nguo. Unaandika jina kwenye kompyuta, unaweka kipande cha raba ndani ya mashine, na mwale wa leza unaunguza raba kuzunguka herufi mpaka herufi zinabaki zimeinuka. Unaosha masizi kwa brashi na sabuni, unagundisha kwenye kishikio, kazi imekwisha. Jambo moja tu ulielewe: kwenye raba herufi huchongwa kinyume, kama unazitazama kwenye kioo, ili zikigongwa karatasini zisomeke sawasawa.

Mwezi wa sita mwaka juzi alikuja kijana mmoja, nitamwita Festo, maana jina lake la kweli halina faida kwako. Mpole, amevaa vizuri, ananiita dada kila baada ya maneno mawili. Alisema baba yake mkubwa, Mzee Yoramu, ni mgonjwa, mkono unatetemeka, hawezi tena kusaini karatasi za kikundi chao cha wapanda miti. Alitaka muhuri wenye jina la mzee, kijiji chao kilicho njia ya Kidugala, na saini yake. Picha ya saini akanitumia kwenye simu.

Je, nilimdai barua? Nilimwambia amlete mzee, au japo kitambulisho chake? Sikuuliza kitu. Nilikuwa na mihuri ya shule inayonisubiri, nikataka tu aondoke. Kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimemkabidhi jina la mtu nisiyemjua.

Zilipita kama wiki tatu. Ikaja Alhamisi moja ya ukungu. Kama umewahi kuishi huku unaujua ukungu wa mwezi wa saba, unashuka mpaka duka la ng'ambo hulioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Waya wa mashine niliuchomoa ukutani kwa mkono wangu huu, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vifaa. Nakumbuka vizuri kwamba niliuchomoa. Saa tisa alasiri nilikuwa nafunga niende nyumbani.

Mzee mmoja akaingia. Mrefu, koti la kijivu lenye kiraka cha bluu begani.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, baba. Shikamoo. Karibu, ila leo hatuna umeme."

"Ndiwe unayechonga majina?"

"Ndiyo mimi, baba."

"Nimekuja kuliona la kwangu."

Nilidhani amechanganya fundi. Nikamsogezea karatasi na kalamu aniandikie analotaka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba koti lake lilikuwa kavu kabisa, na nje watu walikuwa wakipita wamelowa kama wametoka mtoni. Akainama, akaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Hakusita hata kidogo. Mkono ulitiririka, na saini ikatoka kinyume, jinsi inavyoonekana kwenye raba. Mimi ninaitazama saini kinyume kila siku ya maisha yangu. Ile niliitambua mara moja. Niliichonga mwenyewe wiki tatu nyuma.

"Baba, wewe ni..."

Sikumaliza. Mashine iliwaka.

Nakuapia, waya ulikuwa chini sakafuni, ncha yake naiona. Taa ndani ya mashine ikawaka, kichwa cha leza kikaanza kwenda na kurudi juu ya kipande cha raba nilichokuwa nimekiacha humo. Hakikutoa mlio. Raba ikiungua hunuka vibaya, kichwa hukuuma siku nzima. Siku ile kibanda kilijaa harufu ya mbao mbichi za msindano, kama mtu amepasua gogo mbele yangu. Unadhani nilikimbia? Hata kupiga kelele sikuweza. Na wala haikuwa woga tu. Nilijisikia kama mtoto aliyeingia kanisani peke yake, akakuta kumbe kuna mtu.

Mashine ilipozima, mzee alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Eliza wanamjia keshokutwa." Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni, hatua nne tu, nikakuta ukungu.

Nikafungua mashine. Herufi zilikuwa zimeinuka safi, hazina masizi, na hazikuwa kinyume. Zilisomeka pale pale juu ya raba, neno moja: SIJAUZA.

Asubuhi ya Ijumaa nilipanda gari la kwanza. Jina la kijiji nililijua, si nilikuwa nimelichonga? Nilipofika nikamuuliza mama mmoja mwenye mzigo wa kuni wapi kwa Mzee Yoramu.

"Unamtafuta Yoramu?" Akaushusha mzigo. "Tulimzika kabla ya Krismasi, mwenzangu. Yupo mkewe, Bibi Eliza."

Bibi Eliza hakupiga ukelele nilipomsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia. Akaingia chumbani, akatoka na koti la kijivu. Kiraka cha bluu begani.

"Hiki nilikishona mimi," akasema. "Koti lenyewe hakutaka tumzike nalo. Alisema litanifaa wakati wa baridi." Akalikunja mapajani, akalipapasa kwa muda mrefu. "Kwa hiyo huwa analichukua."

Ndipo akanieleza. Festo alikuwa ameleta mkataba unaosema mzee aliuza shamba lake lote la misindano siku chache kabla ya kufa, chini kuna muhuri wenye jina na saini. Mnunuzi angekuja kukata Jumamosi. Mama huyu hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa miti ile.

Nililala kwake. Niseme ukweli, usiku kucha nilifikiria kutoroka, maana kusimama na kusema "muhuri huo nilichonga mimi" ni kujipeleka polisi kwa miguu yangu.

Jumamosi Festo na mnunuzi walikuja na lori na misumeno ya mashine. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na majirani. Nilisimama nikasema. Nikaonyesha kwenye simu yangu ujumbe wa Festo na picha ya saini, uliotumwa mwezi wa sita, wakati mzee ana miezi kaburini.

"Huyu dada ametumwa!" Festo akafoka. "Ujumbe si unatengenezwa tu?"

Nikatoa kile kipande cha raba mfukoni, nikampa. Alikisoma. Akakaa chini kwenye majani yenye umande.

"Nani alikwambia?" akanong'ona.

Bibi Eliza ndiye aliyejibu. "Nani angemwambia, Festo? Tulikuwa watatu chumbani. Ulimshikisha kalamu mgonjwa, akakwambia neno hilo moja, akakugeuzia mgongo. Mimi sijawahi kulitamka mbele ya mtu."

Festo alilia, akakiri mbele ya wote. Mnunuzi aliwapungia mkono vijana wake, misumeno ikarudi kwenye lori.

Mimi nilihojiwa polisi, nikaandika maelezo, mashine ikazuiliwa kwa miezi. Sikulalamika. Raba ile anayo Bibi Eliza. Mchungaji wao alijaribu kuipaka wino, ukateleza wote kama maji kwenye jani la magimbi. Haikukubali kugongwa popote, na hakuna aliyejaribu tena.

Sasa nimerudi kazini. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutaka muhuri wa jina na saini ya mumewe. Nikamwambia amlete. Akasema yuko mbali. Nikamwambia basi nitamngoja. Akanisonya, akaenda kwa fundi mwingine mjini Njombe, nami nikamwombea fundi yule, ingawa simjui.

Na wewe unayenisikiliza, kama unalo jina la mtu mahali, kwenye karatasi au kwenye muhuri, na mwenyewe hakukupa, lirudishe leo. Lipeleke kwa miguu yako. Usingoje alifuate.