Mstari Nilioufuta kwa Mama Chibago

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka treni iliyonitoa Gulwe, nikaenda moja kwa moja ofisini na sanduku langu. Mkuu wa Kitengo hakusema hata karibu. "Kuna kompyuta kumi na mbili, kila moja na tabia yake. Zifanye zifanane."

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashine zinaingia, watu wanapunguzwa. Kompyuta za wakati ule zilipowashwa zilisoma kwanza faili za mipangilio: kibodi ipi, printa ipi, maandishi yakae vipi. Kuzirekebisha moja moja kungekula wiki. Nikaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo mashine huzitekeleza yenyewe. Unaingiza disketi, unabonyeza, faili mpya zinakaa mahali pa zile za zamani. Kwa asubuhi moja tu nikamaliza zote. Mkuu akanipa mkono.

Saa nane mchana siku hiyohiyo nikaitwa masjala. Mama Chibago, mpiga chapa mkongwe kuliko sote, alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Ofisa Utumishi alisimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Herufi zangu zimekwenda wapi?" akaniuliza.

"Nimemwomba anisomee barua aliyoichapa mwenyewe," alisema ofisa. "Hawezi."

Nikamuuliza Mama, akanieleza. Kumbe fundi aliyenitangulia alimwekea mstari mmoja wa amri, herufi zikawa kubwa maradufu. Skripti yangu ilikuwa imeufuta.

"Kosa ni langu, mzee. Nipe dakika tano nizirudishe."

"Na macho utayarudisha?" akasema ofisa. "Mama, tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Niliuandika upya ule mstari. Herufi zikarudi, Mama akaisoma barua yote bila kukwama. Ofisa alisikiliza hadi mwisho, akaondoka. Ijumaa orodha ya waliopunguzwa ikabandikwa. Jina la Mama lilikuwa la tatu.

Nilimfuata kwake Makole kumwomba radhi. Alinikaribisha uji.

"Asubuhi ile uliniambia, 'Inuka kidogo, mama.' Nikainuka. Mbona hukuniuliza, mwanangu?"



Baadaye nilihamishiwa wilaya tatu, nikawa mkuu wa kitengo mwenyewe, sasa nimestaafu. Tangu siku ile sikugusa mashine ya mtu kabla ya kumuuliza na kuweka nakala ya faili zake. Vijana hunisifu kwa uangalifu huo. Kila wakinisifu, nalisikia swali la Mama Chibago.