Salamanda wa Bhavesh

Prabha hakuwahi kugusa nyama maisha yake yote, lakini baada ya mwanawe kufa alijifunza kukata nyungunyungu kwa mkasi. Bhavesh alikuwa mtoto wake wa pekee. Ajali ya gari barabara ya Manyoni ilipomchukua, aliacha nguo, viatu, na salamanda mmoja kwenye tangi la kioo, nyuma ya duka lao la vitenge Singida mjini.

Bhavesh alikuwa amemnunua Dar es Salaam: mnyama mweupe, miguu minne, mkia mrefu, matamvua ya kupumulia yametokeza shingoni kama manyoya mekundu.

"Ni ndugu wa chura," alimweleza mama yake. "Ila chura akikua mkia unapotea. Huyu anabaki nao, na hatoki majini mpaka kufa."

Klara, jirani aliyeuza barafu, ndiye aliyechimba nyungunyungu. Kila asubuhi alibisha hodi.

"Shikamoo, Mama Bhavesh."

"Marahaba. Ingia. Jana alikula vizuri."

Basi, Prabha hakuongea tena mpaka kesho yake. Wateja aliwapimia kitambaa kimya.

Salamanda yule hakuweza joto. Jua la mwezi wa kumi lilipokaza, Prabha akawa anatumbukiza mifuko ya barafu kwenye tangi kutwa nzima. Kisha transfoma ya mtaa ikaungua, na barafu yote ya Klara ikayeyuka. Prabha alizunguka mji na ndoo. Kidogo alichopata kwa muuza samaki kiligeuka maji njiani. Akalowesha shuka, akafunika tangi, akapepea kwa khanga mpaka mikono ikafa ganzi. Mnyama alipanda juu, akafungua mdomo, akalala ubavu.

Klara alimkuta Prabha sakafuni, amempakata salamanda aliyekufa ndani ya bakuli.

"Mama, tumzike?"

"Bhavesh tulimchoma kwa desturi yetu, majivu yakaenda kumwagwa mbali. Sina hata kaburi la kukaa nikalia."

Walimzika kando ya ukuta. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likadunda.

"Angalau hakuteseka sana," Klara alisema.

"Aliteseka. Nilikuwa namwangalia."

Asubuhi Klara alibisha hodi kama kawaida. Mlango haukufunguliwa.

"Usijisumbue kuja tena, mwanangu," Prabha alisema kutoka ndani. "Sina wa kulisha."

Duka halikufunguliwa siku ile, wala wiki iliyofuata. Wateja wakahamia duka la jirani.