Ukwaju wa Kisimani

Msemo huo niliusikia tena Jumapili, tarehe 6 Julai 2025, saa kumi na moja na nusu ya jioni, katika ghorofa ya sita ya jengo lililo nyuma ya mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou. Naandika saa na tarehe kwa sababu nilijua kusoma nikiwa mtu mzima, na mtu aliyechelewa kuipata kalamu hapendi kuacha jambo likielea. Tulikuwa wanawake watatu jikoni, sote tumefunga saumu ya Ashura: mimi, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuja kununua mikoba, na msichana wa Tanga anayesomea famasia katika chuo kikuu cha mji huu. Joto la Julai la hapa si joto la jua, bali la maji. Kuta hutoka jasho, na shuka uliyoianika Ijumaa huianua kambani Jumapili ikiwa bado na ubichi. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba nitawafuturisha kwa sharubati ya ukwaju yenye pilipili manga na tangawizi.

Ukwaju wenyewe niliununua mtaa wa Yide Lu, katika duka la vyakula vikavu, katikati ya magunia ya uyoga na maganda ya machungwa. Mwenye duka ananijua tangu uhai wa marehemu mume wangu. Huniita laoban, yaani tajiri, hata siku ninayochukua nusu kilo. Niliuloweka katika bakuli la kioo, nikaukamua, nikauchuja, nikautia katika jagi la kioo. Ndipo mfanyabiashara akatoa mkobani jagi la shaba, sampuli aliyopewa na mwuza vyombo, linang'aa mpaka likatupa mwanga darini.

"Mama, tuitie humu sharubati, picha itoke vizuri."

"Humo hakiingii kitu kichachu," nikamjibu.

"Jipya hili, Mama. Hata nzi bado hajalikanyaga."

Msichana wa famasia akacheka. "Mwache Mama na kioo chake. Anaogopa tusije tukanywa ukwaju wa kisimani."

"Ndiyo ukwaju gani tena huo?"

"Bibi yangu ndivyo anavyosema akikaribishwa na mtu asiyemwamini. Eti zamani kule Pangani kulikuwa na kizee kimoja kinakaa kisimani. Kikamfuturisha mtoto wa jirani ukwaju wa sumu. Wengine wanasema kijicho, wengine wanasema uchawi."

"Na wewe unacheka?"

"Nilie nini? Kwani namjua? Ni maneno tu."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliuweka chini polepole, kwa sababu bibi yule wa kisimani ndiye aliyenilea, na ukwaju ule niliuloweka mimi.

Ndugu msomaji, nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mtaa, ukuta wake mmoja ukitazamana na kisima, ndiyo maana watu walimwita bibi yangu kwa jina la mahali hapo. Nilizaliwa mwaka 1957 na nikapelekwa kwake kabla sijaota meno. Katika miezi ya kaskazi, upepo wenyewe ulipokuwa wa moto na mbuzi hawatoki vivulini, kazi ya alasiri nyumbani kwetu ilikuwa moja tu. Bibi alichambua ukwaju kokwa kwa kokwa, akauloweka katika chungu cha udongo chenye mdomo mpana, kwa maji ya mtungi uliofukizwa ubani. Mimi nilitwanga tangawizi. Pilipili manga aliiponda yeye, nusunusu, isiwe unga. Iliki tatu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sukari kwa kadiri ilivyopatikana. Mwisho aliteremsha pilipili mbuzi moja nzima, na kikonyo chake, ielee juu. Haikuruhusiwa kupasuka. "Tunataka harufu yake," alikuwa akisema, "ugomvi wake abaki nao mwenyewe."

Majirani walileta majagi yao mapema na kuyapanga barazani. Hapakuwa na malipo. Jagi lilirudi limejaa, na kesho yake lilikuja na embe, au samaki, au halikuja na kitu, na bibi hakutazama lipi ni la nani.

Alikuwa na kauli moja ambayo sikuielewa na hakuna aliyenieleza: "Ukwaju wa udongo, wali wa shaba." Tulikuwa na sufuria kubwa ya shaba iliyoazimwa na mtaa mzima kwa karamu za harusi, na ndani yake ilitiwa kalai, ile rangi nyeupe ya bati inayozuia shaba isiguse chakula. Fundi wa kalai alipita mara moja kwa mwaka na mfuko wake wa mvukuto. Mwaka 1967 hakupita. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kuisugua sufuria kwa majivu na makapi ya ukwaju, kwa sababu hakuna kinachong'arisha shaba kuliko ukwaju. Niliambiwa nisugue nje. Kwa kutaka sifa nilisugua na ndani, Jumamosi hata Jumamosi, mpaka weupe ukaondoka na chini yake pakatokea wekundu mzuri kama ua la komamanga. Nilidhani nimeondoa uchafu.

Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1967, ilikuwa siku ya kumi na nne ya Ramadhani. Bibi aliitwa asubuhi kwenye msiba upande wa pili wa mji, akaniachia kazi ya kuloweka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuaminiwa, na siku yenyewe ilikuwa kubwa. Binti wa jirani, rafiki yangu wa kucheza naye, alikuwa amefunga saumu yake ya kwanza. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, mtoto wa homa na maumivu ya viungo, ambaye mama yake alimkataza kufunga naye akakataa kukatazwa. Mtaa mzima ulijua. Ilikubaliwa kwamba bilauri ya kwanza ya ukwaju itakuwa yake.

Nilikipeleka chungu kisimani kukisuuza, kikaniteleza, kikavunjika juu ya ukingo. Vigae nilivifukia chini ya mgomba. Kisha nikaenda ndani, nikaiteremsha sufuria ya shaba, nikauloweka ukwaju humo tangu saa nne za asubuhi mpaka alasiri. Nilifuata kila kipimo. Hata pilipili haikupasuka.

Bibi aliporudi alikuta sharubati imekwisha chujwa na kumiminwa katika majagi.

"Chungu kiko wapi?"

"Nimekianika, bibi."

Siku nyingine yoyote angeonja. Kabla ya jagi kuondoka barazani ilikuwa lazima atie ncha ya kijiko ulimini. Lakini alikuwa na saumu, na hakuwa mtu wa kutafuta ruhusa katika dini. Alinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mkono wako umekuwa mkono wa mtu mzima." Maneno hayo nimeishi nayo miaka hamsini na saba na zaidi.

Adhana ilipolia, wazee walikula tende, wakanywa maji, wakasimama kuswali. Binti wa jirani alikabidhiwa bilauri yake. Alikunywa kama mtu aliyekaa na kiu tangu kuzaliwa, akaomba ya pili. Baada ya hiyo ya pili alijilamba midomo, akanitazama, akaniambia kwa kucheka, "Wa leo una ladha ya senti." Mimi nami nilicheka. Nilikunywa mafunda matatu na kweli ulikuwa na ladha ya senti.

Bibi alimaliza swala, akachukua bilauri yake, akaonja, akatema. Alikwenda jikoni, nami nikamfuata. Ndani ya sufuria, pale maji ya ukwaju yalipokuwa yamefikia, palikuwa na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi, umezunguka pande zote. Aliutazama mstari, kisha akanitazama mimi. Nyuma yetu barazani tulisikia mtoto anaanza kutapika.

Walitapika watu tisa usiku ule, nami mmoja wao. Kesho yake wanane tulisimama. Binti wa jirani hakusimama. Alitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, maumivu yake ya viungo yakamrudia yote kwa pamoja, na Jumanne, tarehe 19 Desemba, kabla ya jua kupanda, akafa. Mama yake hakupiga kelele. Alikuja mpaka kizingitini kwetu, nywele wazi, akamuuliza bibi swali moja.

"Nani aliuloweka?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Bibi alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, akanisukuma kifuani nisitoke.

"Ni mimi," alisema. "Uzee, mwanangu. Mkono wangu umekosea."

Tangu siku ile hapakuja jagi barazani. Sufuria haikuazimwa tena. Wanawake walipofika kisimani walizungumza mpaka alipotoka bibi, wakanyamaza, wakateka, wakaenda zao. Baada ya mwaka mmoja, watoto walikuwa na wimbo. Baada ya miwili, watu wazima walikuwa na msemo. Niliwahi kumwambia nataka kwenda kusema kweli. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Wewe una maisha marefu ya kusemwa," alinijibu. "Mimi nimebakiza machache." Alifariki Ijumaa, tarehe 8 Agosti 1975. Waliomswalia hawakutimiza safu mbili.

Mimi niliolewa, nikahamia Dar es Salaam, nikazaa, na mwaka 1984 nikajiandikisha elimu ya watu wazima kwa fedha zangu mwenyewe. Sikubembelezwa na mtu. Alhamisi, tarehe 9 Machi 1989, nilikuwa kidato cha tatu, mwanagenzi mwenye mvi ya kwanza, na mwalimu wetu wa kemia alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita. Aliandika ubaoni habari za asidi na metali. Akaeleza kwamba tindikali ya matunda hula shaba na kuifanya sumu, ndiyo maana wazee walitia kalai.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kalai imesuguliwa ikaisha?"

"Basi hapo, mama, umepika sumu mwenyewe," alisema, na darasa likacheka.

Niliinakili sentensi ile katika daftari, nikaandika na tarehe pembeni. Ulikuwa mwandiko mzuri. Mwaka ule ule nilifahamu kwamba maradhi ya rafiki yangu yalikuwa na jina, selimundu, na kwamba mwenye nayo akipungukiwa na maji mwilini huweza kufa. Kwa hiyo kila kitu nilikijua. Nilikuwa na maarifa, nilikuwa na ushahidi, nilijua kuandika barua. Mama wa marehemu alikuwa hai bado, akaishi mpaka mwaka 1996. Sikumwandikia. Nilikuwa mke wa mtu anayeheshimiwa, nami nimeipenda heshima kuliko nilivyowahi kukiri. Mume wangu, aliyefariki tarehe 14 Novemba 2018 baada ya miaka thelathini na tisa ya ndoa, alikunywa ukwaju wangu kila kiangazi hapa Guangzhou, tulikohamia kwa biashara yake, akausifu kwa wenzake wa soko la Zhanxi, na akaenda kaburini bila kujua kwa nini vyombo vyangu vyote ni vya kioo.

Hayo yote, isipokuwa habari za mume wangu, niliwasimulia wale wawili jikoni, nimesimama, kabla ya adhana. Sikulia. Mfanyabiashara aliliviringisha jagi lake katika kanga, akalirudisha mkobani taratibu kama kitu kilicholala. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa.

"Asidi na shaba," alisema kwa sauti ndogo. "Tulisoma mwaka wa kwanza. Mama, nisamehe. Sikujua kama ni mtu."

"Wewe hukukosa. Mwambie bibi yako tu."

Adhana ilitoka katika simu yake. Nilimimina bilauri tatu. Mfanyabiashara alifumba macho, akanywa. Msichana aliishika yake kwa mikono miwili, akainyanyua mpaka mdomoni, akaiteremsha, akachukua maji. Sikumlaumu. Nami yangu sikuimaliza.

Alhamisi iliyofuata msichana alinipitia akitoka darasani. Alikuwa amempigia bibi yake, bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamwombea marehemu rehema. Nikamwuliza alisema nini baada ya hapo. Msichana aliona haya. "Alisema, mwanangu, lakini maneno hayo tumeshayazoea."

Nilirudi Pangani mara ya mwisho mwezi Februari 2023. Kisima kimefukiwa, juu yake pamejengwa duka la vocha. Mgomba haupo, na vigae bila shaka viko chini ya msingi wa nyumba ya mtu. Sufuria iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, sijui mwaka gani, na hiyo ni tarehe moja ninayoikosa. Kaburi la bibi nililijua kwa kuhesabu hatua kutoka ukuta wa makaburi. Kilichosalia cha mwanamke aliyejaza majagi ya mtaa mzima bila kutazama lipi ni la nani ni maneno matatu, na yamevuka bahari mpaka ghorofa ya sita ya Dengfeng.

Siwezi kuyazuia. Nimejaribu kwa msichana na kwa bibi yake, na kwa huyo wa pili nikashindwa. Ninachoomba kwako, ndugu msomaji, ni kidogo. Ukimsikia mtu anayasema, mrekebishe. Mwambie uliokuwa na sumu ni ukwaju wa mjukuu. Mjukuu yupo, ana miaka sitini na minane, anajua kusoma na kuandika, na maisha yake marefu ya kusemwa bado hayajaanza.